Mbwa anajikuna usiku kucha: uanzie wapi kati ya njia nne?

Mbwa akianza kujikuna Mombasa, washauri hawakosekani. Jirani wa kushoto anasema chemsha majani ya muarobaini umwogeshe. Wa kulia anasema nyama imezidi, mpe ugali mtupu. Askari wa geti anasema mbwa wote hujikuna, mwache. Ukienda agroveti, mazungumzo huwa mafupi: "Ami, mbwa wangu anajikuna sana." "Chukua hii ya ng'ombe, mama, zimua kwa maji, mwogeshe mara moja tu." Basi mtu anafanya yote kwa wiki moja, muarobaini, chupa ya ng'ombe na ugali mtupu, halafu mbwa akipata nafuu kidogo hajulikani kilichomsaidia, na akizidiwa hajulikani kilichomdhuru.

Anayesoma hapa huenda amekwama papo hapo. Njia za kuanzia zenye maana ni nne: kuua viroboto na wadudu wengine kikamilifu, kumpeleka kwa daktari wa mifugo ngozi ikaangaliwe kwa hadubini, kumwogesha kwa shampuu ya dawa, na kumpa chakula cha majaribio kwa wiki nane. Kila moja inajibu swali lake, na kosa linalowagharimu watu wengi ni kulipia jibu la swali ambalo mbwa wao hakuliuliza.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia zote kwa mambo matano. La kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni jibu: njia hii ikishindwa, je, utakuwa umejifunza kitu? Mengine ni muda hadi kuona tofauti. Gharama pamoja na usumbufu wake. Hatari kwa mbwa, kwa watu na kwa paka wa nyumba. Na kama watu wa nyumba yako kweli wataweza kuitimiza hadi mwisho. Hilo la mwisho hudharauliwa, lakini ndilo linaloangusha njia ya chakula karibu kila mara.

Bei sitaji. Zinatofautiana mno kati ya Nyali na Mikindani, na dawa nyingi hupimwa kwa uzito wa mbwa. Uliza bei kwa simu kabla ya kutoka.

Njia yoyote utakayoshika, kila Ijumaa andika alama ya kujikuna kutoka 0 hadi 10, kwenye kalenda au simuni. Macho yetu husahau, hasa tukiwa tumetumia pesa na tunataka kuona nafuu.

Kabla ya kuchagua, mkague mwenyewe

Hili halina gharama, na ndilo linalokupunguzia njia nne zibaki mbili. Kaa naye barazani penye mwanga. Chukua chanuo la meno yaliyobanana, lile la chawa, na tishu nyeupe uliyoilowesha maji. Chana polepole kuanzia katikati ya mgongo hadi shina la mkia, ukigusisha chanuo kwenye ngozi, halafu kung'uta kilichonasa juu ya tishu. Ukiona vipunje vyeusi, subiri nusu dakika. Kipunje kikitoa duara la rangi ya kutu kwenye tishu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyokwisha kusagwa tumboni mwa mdudu. Mchanga na masizi havitoi rangi hiyo.

Kisha tazama anajikuna wapi. Kiuno, shina la mkia na nyuma ya mapaja: shuku viroboto. Kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo, tena kwa kujikuna kwa hasira kiasi cha kuacha chakula: shuku upele unaoletwa na mdudu mdogo aitwaye Sarcoptes. Sugua ukingo wa sikio kwa vidole. Mbwa mwenye upele huu mara nyingi huanza kukuna hewa kwa mguu wa nyuma bila kujizuia. Si ushahidi kamili, lakini ni ishara nzuri. Na kama wewe au mtoto mmepata vipele vinavyowasha mikononi au tumboni tangu mbwa aanze, shaka inaongezeka, maana mdudu huyu huwauma watu pia ingawa hakai kwao muda mrefu.

Nyayo, kwapa, uso na masikio huelekeza kwenye mzio (aleji), wa chakula au wa mazingira. Ngozi yenye mafuta, iliyonenepa na kuwa nyeusi, yenye harufu nzito inayorudi siku mbili tu baada ya kuoga, huwa ni Malassezia, fangasi wa jamii ya chachu, ambaye unyevu wa Pwani unamfaa sana. Vipele vya usaha na vigaga vya mviringo ni bakteria. Mtoto wa mbwa mwenye mabaka yasiyo na manyoya usoni na miguuni, lakini hajikuni sana, aangaliwe demodeksi, mdudu mwingine mdogo sana anayekaa ndani ya ngozi. Mabaka ya mviringo yanaweza kuwa choa, ambayo huambukiza watu. Hayo yaonwe na daktari.

Na akilamba nyayo tu huku akichechemea, mgeuze kidole kwa kidole utafute funza. Mbwa wanaolala kwenye sakafu ya udongo au mchanga mkavu Pwani huwapata kama sisi, na hakuna shampuu wala chakula kitakachomtoa funza aliyejichimbia.

Njia ya kwanza: kuua wadudu kikamilifu

*Inajibu nini?* Kama chanzo ni mdudu au la. Kwa Mombasa hili ndilo swali la kwanza kwa mbwa wengi, kwa sababu hapa hakuna msimu wa baridi unaokata uzazi wa viroboto. Joto na unyevu viko mwaka mzima, na katika hali hiyo yai la kiroboto linaweza kuwa kiroboto kamili ndani ya wiki tatu hivi.

Watu wengi huiacha njia hii mapema kwa sababu mbili. Ya kwanza: "nimemkagua sikuona hata kiroboto mmoja." Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huwashwa kwa kuumwa mara chache tu, na kwa kuwa anajiuma na kujilamba mchana kutwa, huwameza wale wale ambao ungewaona. Ya pili: "nimemwogesha dawa na wiki ya pili wamerudi." Viroboto unaowaona mwilini ni sehemu ndogo tu ya jeshi zima. Mayai hudondoka kutoka kwenye manyoya. Mabuu na mabuo (mabuu yaliyojifunga kabla ya kutoka kiroboto kamili) wako kwenye mkeka, chini ya kochi, kwenye nyufa za sakafu ya stoo anakolala. Buo linaweza kutulia wiki hata miezi, likatoa kiroboto likihisi mtikisiko na joto la mnyama anayepita. Kwa hiyo kuona viroboto wapya baada ya kutumia dawa nzuri si lazima dawa iwe imeshindwa. Ni deni la nyuma linalolipwa.

Kufanya kikamilifu maana yake ni hivi: dawa ya kudumu kwa kila mbwa na kila paka wa nyumba, siku moja, matandiko yake yafuliwe kwa maji moto kila wiki, sakafu na nyufa zifagiliwe au zipigwe vakyumu, na dawa irudiwe kwa ratiba yake kwa muda usiopungua miezi mitatu.

Dawa zenyewe hazilingani. Shampuu ya viroboto huua waliopo siku hiyo, basi. Matone ya fipronil ya mgongoni hudumu kama mwezi, lakini usimwogeshe siku mbili kabla wala siku mbili baada ya kuyatia. Vidonge vya jamii ya isoksazolini (utaona afoxolaner, fluralaner au sarolaner kwenye kijikaratasi) huua viroboto na kupe, na pia huwamaliza wadudu wa upele na demodeksi, ndiyo maana kwa kutafuta chanzo naviona vina faida kubwa: kidonge kimoja kinajibu maswali matatu. Afoxolaner hukaa mwezi, fluralaner hadi wiki 12. Mbwa aliyewahi kuwa na kifafa asipewe bila daktari kujua, kwa sababu mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuwa jamii hii inaweza kuleta mitetemeko na degedege kwa baadhi ya wanyama.

Sasa ile chupa ya ng'ombe. Mara nyingi ni amitraz, dawa ya josho. Kwa kupe na upele inafanya kazi, na madaktari huitumia kwa kipimo. Lakini kwa viroboto amitraz haina nguvu ya maana. Mwenye mbwa wa viroboto akiogesha kwa josho la ng'ombe anapata hatari yote ya sumu bila faida aliyoifuata. Watoto wa mbwa, majike wenye mimba na mbwa wadogo kama Chihuahua huathirika zaidi. Ivermectin ya ng'ombe ya sindano nayo isiguswe kwa kukadiria: Collie na jamaa zake, na hata baadhi ya German Shepherd, wana hitilafu ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo.

*Muda:* dalili za nafuu wiki ya nne hadi ya sita. *Gharama na usumbufu:* wastani, ila inazidishwa kwa idadi ya wanyama. *Hatari:* ndogo kwa dawa sahihi. Kubwa ni kwa paka. Permethrin iliyomo kwenye matone na poda nyingi za mbwa inaua paka, na mji huu una paka kila ukuta, wako na wasio wako. Soma kijikaratasi, kama kimeandikwa permethrin na paka wanalala na mbwa, rudisha dukani.

*Inamfaa nani?* Mbwa anayejikuna kiunoni na mkiani, mbwa anayezunguka mtaani, nyumba yenye wanyama wengi, na yeyote ambaye hajawahi kutimiza miezi mitatu mfululizo ya kinga. Haimfai mbwa mwenye vidonda vinavyonuka. Huyo atateseka bure akisubiri.

Njia ya pili: daktari na hadubini

*Inajibu nini?* Maswali mengi kwa kikao kimoja, mradi achunguze kweli. Uchunguzi wa msingi wa ngozi si mashine za ajabu: atachana kutafuta viroboto, atakwangua ngozi kwa wembe butu hadi damu ichungulie kidogo (hapo ndipo demodeksi hukaa), atabandika selotepu kwenye sehemu yenye mafuta aone fangasi na bakteria, na atachukua uchafu wa sikio kwa pamba. Yote yanatazamwa kwa hadubini hapo hapo.

Pana mpaka wake. Kukwangua humpata demodeksi kwa uhakika mzuri, lakini Sarcoptes hukwepa mara nyingi kwa kuwa huwa wachache mno kwenye ngozi. Daktari akisema "sijamwona, lakini tutamtibu kama yupo", hababaishi. Huo ndio utaratibu. Vilevile kipimo cha damu cha mzio wa chakula hakitegemewi kwa mbwa. Ukiuziwa, uliza matokeo yake yatabadilisha nini kwenye matibabu.

Kinachonitia wasiwasi katika njia hii ni sindano ya steroidi. Inatuliza kuwashwa karibu kwa kila chanzo, ndani ya siku moja au mbili, na mwenye mbwa anaondoka na furaha. Wiki chache baadaye kuwashwa kunarudi, na jibu halijapatikana. Kama chanzo kilikuwa demodeksi au maambukizi, inaweza kukikuza. Steroidi ina mahali pake, hasa mbwa aliyejichuna hadi nyama, lakini iwe baada ya kukwangua, isiwe badala yake. Ni haki yako kuuliza kwa adabu, "Daktari, tunaweza kuangalia ngozi kabla ya sindano?" Tena kwa sheria ya mwaka 2011 madaktari wa mifugo nchini husajiliwa na Kenya Veterinary Board, kwa hiyo kumwomba mtu akuonyeshe usajili wake si dharau.

Ili kikao kisipotee bure, usimwogeshe siku tatu kabla. Nenda na picha za simu za siku mbaya zaidi, na orodha ya kila anachokula pamoja na dawa zote alizopakwa, hata oili chafu. Sema ukweli, hutakuwa wa kwanza.

*Muda:* majibu siku hiyo, nafuu kwa siku chache hadi wiki. *Gharama na usumbufu:* ya juu kwa mkupuo mmoja, na kumsafirisha ni kazi, maana si kila tuktuk itakubali mbwa. Daktari anayekuja nyumbani hupunguza hilo, ila uliza kabla kama atakuja na vifaa vya kuchukulia sampuli. *Hatari:* ndogo.

*Inamfaa nani?* Mbwa mwenye vidonda, usaha, harufu au masikio yanayotoa uchafu. Mtoto wa mbwa. Mbwa mzee aliyeanza kuwashwa ghafla. Nyumba ambayo watu nao wanawashwa. Pia mtu ambaye hesabu zake zinaonyesha ameshatumia kwenye chupa za majaribio zaidi ya ada ya daktari, na hao si wachache.

Njia ya tatu: shampuu ya dawa

*Inajibu nini?* Kidogo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Shampuu yenye chlorhexidine, au chlorhexidine na miconazole, hushughulikia bakteria na fangasi. Hao kwa kawaida ni wavamizi wa pili: mzio au kiroboto ndiye aliyefungua mlango, wao wakaingia. Mbwa atapata nafuu ya kweli, na ukiacha shampuu atarudi pale pale. Hata hivyo nafuu hiyo inafundisha kitu. Kujikuna kukishuka kutoka 8 hadi 3 kwa kuoga tu, ujue maambukizi yalikuwa yamebeba sehemu kubwa ya mateso, na unachotafuta sasa ni chanzo cha ile 3 iliyobaki.

Inatumika mara mbili kwa wiki, kwa wiki tatu au nne, na povu likae mwilini dakika kumi kabla ya kusuuza. Dakika kumi za saa, si za kukisia. Wengi husuuza ya pili. Usuuze vizuri, na hapa Mombasa ina shida yake: nyumba nyingi hutegemea maji ya kisima yenye chumvi. Yatumie kulowesha ukipenda, lakini suuza ya mwisho weka ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi. Mbwa anayeogelea baharini naye asuuzwe hivyo hivyo kila akitoka. Kisha mkaushe hadi kati ya vidole na chini ya shingo, hasa wakati wa masika ambapo manyoya mazito yanaweza kukaa na unyevu hadi kesho yake.

Muarobaini nauweka hapa. Una kemikali zinazowasumbua wadudu, na maji ya majani yake yaliyopoa yanaweza kumtuliza mbwa mwenye ngozi isiyochubuka. Hautamaliza viroboto wa nyumba wala upele. Anayeupenda autumie kama nyongeza, lakini asiutumie katika wiki anazopima njia nyingine.

Oili chafu ya gari, mafuta ya taa na Jik viachwe kabisa. Mbwa hujilamba, unachompaka utamkuta nacho tumboni.

*Muda:* wiki mbili hadi nne. *Gharama:* ndogo kwa chupa, lakini mbwa mkubwa huimaliza haraka. *Usumbufu:* mkubwa penye mgao wa maji. *Hatari:* ndogo. *Inamfaa nani?* Mbwa mwenye ngozi ya mafuta na harufu lakini asiye na vidonda virefu, na mbwa yeyote aliye kwenye njia nyingine akihitaji kutulizwa. Kwenye nyumba ambazo mbwa haguswi na wenyeji bali na mtunzaji anayekuja mara moja kwa wiki, ratiba hii haitatimia, heri kidonge.

Njia ya nne: chakula cha majaribio

*Inajibu nini?* Swali moja tu, lakini ndiyo njia pekee inayolijibu: je, ni mzio wa chakula? Vinavyoongoza kwa mbwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Mbwa hupata mzio wa kitu alichozoea, hata alichokula miaka mitatu bila shida, kwa hiyo "siku zote anakula hivyo" hakumtoi mshtakiwa. Shaka huongezeka kama kuwashwa hakuna msimu na kunaambatana na tumbo: kinyesi laini, haja nyingi kwa siku, gesi.

Kubadilisha gunia la chakula kutoka chapa moja hadi nyingine si majaribio, kwa sababu mengi yana kuku au ng'ombe hata yasipoandikwa mbele. Unachagua protini ambayo mbwa wako hajawahi kuila na wanga mmoja, na anakula hivyo tu kwa wiki nane. Wengi wenye mzio huonyesha nafuu kufikia wiki ya tano. Nane huwakamata zaidi ya tisa kati ya kumi. Kwa mbwa wa hapa aliyelelewa kwa matumbo, vichwa vya samaki na omena, sungura na viazi vitamu ni chaguo zuri. Mbuzi ni wa karibu mno na ng'ombe, usimtegemee. Vyakula maalumu ambavyo protini yake imevunjwavunjwa vipo kwa madaktari, bei yake ni kali. Mtoto wa mbwa anayekua asiwekwe kwenye chakula cha nyumbani wiki nane bila daktari kukipanga, kwa kuwa hakina madini ya kutosha.

Wiki nane zikiisha na amepata nafuu, kazi haijamalizika. Mrudishie chakula cha zamani. Kuwashwa kukirudi ndani ya siku chache hadi wiki mbili, ndipo una jibu. Bila hatua hiyo huenda ilikuwa bahati au mvua imekatika.

Kinachoharibu ni vitu vidogo: mtoto anayedondosha biskuti, askari anayegawana chapati usiku wa manane, bakuli la paka, jaa la jirani, hata kidonge cha viroboto cha kutafuna kilichotiwa ladha ya nyama. Na mabaki ya pilau yasitolewe kwa mbwa, majaribio yawepo au yasiwepo. Vitunguu ni sumu kwake.

*Muda:* mrefu kuliko zote. *Gharama:* ya kati hadi juu. *Usumbufu:* nidhamu ya nyumba nzima. *Hatari:* ndogo kwa mbwa mzima mwenye afya. *Inamfaa nani?* Mbwa anayekaa ndani ya ua uliofungwa, ambaye viroboto na maambukizi vimeshaondolewa, na nyumba yenye mtu mmoja tu anayeshika bakuli. Mbwa anayetoka asubuhi kuzunguka Kongowea na kurudi magharibi hafai kwa majaribio haya. Okoa pesa zako.

Mzio usiokuwa na njia yake

Mzio wa mazingira, yaani utitiri wa vumbi, ukungu na chavua, hauna kipimo kinachousimamia peke yake. Hutambuliwa kwa kubaki baada ya wengine kutolewa. Huanza zaidi kati ya miezi sita na miaka mitatu, kwenye nyayo, uso, kwapa na masikio. Nyumba yenye unyevu hukuza utitiri, na Mombasa unyevu ni wa bure. Hauponi, unasimamiwa, na huo ni mpango wa miaka kati yako na daktari.

Kwa hali yako

*Kuna damu, usaha, harufu kali, au amepoteza uzito:* daktari wiki hii. Uso ukivimba ghafla au akipumua kwa shida, ni leo, usisubiri asubuhi.

*Watu wa nyumba nao wanawashwa:* daktari, na mbwa wote watibiwe pamoja. Kama daktari yuko mbali, ongea naye kwa simu kuhusu kidonge cha isoksazolini kwa uzito sahihi.

*Anajikuna kiunoni, ngozi ni nzima, na kinga ya viroboto huwa ni ya kukumbuka-kumbuka:* anza na njia ya kwanza, miezi mitatu, bila kugusa chakula.

*Ananuka na ana mafuta, lakini hana vidonda:* shampuu pamoja na kinga ya viroboto. Hapa kuunganisha mbili kunaruhusiwa, kwa sababu viroboto lazima waondoke kwa vyovyote. Wiki nne bila nafuu, selotepu na hadubini.

*Anatafuna nyayo mwaka mzima, tumbo nalo halitulii, kinga imekamilika:* chakula cha majaribio, kikianza siku ambayo nyumba yote imekubali.

*Pesa ni ya kitu kimoja tu mwezi huu:* mbwa mwenye vidonda, itoe kwa daktari. Asiye na vidonda, kwenye kidonge. Chakula maalumu kisubiri.

*Umefanya kinga, shampuu na chakula kwa ukamilifu, na alama bado iko 5 au zaidi:* rudi kwa daktari na ile kalenda ya Ijumaa, umwambie unataka kuzungumzia mzio wa mazingira. Mwulize mambo mawili: dawa gani ya kutuliza anaweza kuitumia muda mrefu, na atampima vipi kila baada ya miezi michache akiwa juu ya dawa hiyo.